Muziki Usio na Mwimbaji

Kwetu pwani muziki usio na mwimbaji una saa yake. Ni ile saa ambayo watu bado wanaingia ukumbini, wanatafuta viti, wanaamkiana na kuulizana hali za wagonjwa. Jukwaani wapigaji wa taarab wanapiga bashraf: fidla, ganuni, udi, besi na dumbaki, kinywa cha mtu hakifunguki. Wengi huichukulia kama hodi tu. Mwimbaji akisimama ndipo ukumbi unanyamaza, ndipo noti zinaanza kutoka mikobani na akina mama wanajipanga kwenda kumtunza. Nimekaa kwenye kumbi hizo tangu utotoni na sijapata kumwona mtu akiinuka kwenda kumtunza mpiga fidla katikati ya bashraf.

Kwa malezi hayo, kaseti niliyoipata mjini Mombasa mwishoni mwa miaka ya sabini ilinitatiza. Maduka ya santuri wakati ule yalikuwa na biashara ya pembeni. Unampelekea mwenye duka kaseti tupu, unachagua santuri iliyotundikwa ukutani, anakurekodia, kesho yake unapitia kuichukua. Yangu ilirudi ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino maneno mawili, "Soul Train", basi. Hakuna jina la bendi wala la albamu. Nikaketi kumngoja mwimbaji. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaja, bwana hajafika. Mahali fulani palizuka sauti za akina dada, mistari michache, nao wakaenda zao. Upande wa pili ulipofika mwisho ndipo nilipokubali kwamba hawa watu hawana mwimbaji na hawamtafuti.

Ile ilikuwa Love Is the Message, albamu ya pili ya kundi la MFSB la Philadelphia, Marekani, iliyotoka mwishoni mwa 1973. Kirasmi herufi hizo zilisimama badala ya maneno ya Kiingereza ya mama, baba, dada na kaka. Wapigaji wenyewe, wakiwa faraghani, walikuwa na maelezo mengine ambayo gazeti la heshima haliwezi kuyachapa. Wale akina dada wa mistari michache walikuwa The Three Degrees. Na jina "Soul Train" kwenye kaseti yangu lina kisa chake, nitakifikia.

MFSB haikuwa bendi kwa maana tuliyoizoea Mombasa, ya watu wenye sare moja, gari moja na madeni ya pamoja. Walikuwa wapigaji wa studio, zaidi ya thelathini, waliokuwa wakiitwa kazini Sigma Sound, studio aliyoifungua fundi mitambo Joe Tarsia mwaka 1968 katika mtaa wa North 12th. Kenneth Gamble na Leon Huff, waliounda kampuni ya Philadelphia International Records mwaka 1971, walikuwa wakileta waimbaji wao hapo: The O'Jays, Harold Melvin na The Blue Notes, na wengine. Thom Bell naye alileta The Stylistics na The Spinners. Waimbaji walibadilika, waliokaa nyuma yao ni wale wale. Earl Young kwenye ngoma. Ronnie Baker kwenye besi. Magita matatu: Norman Harris, Bobby Eli na Roland Chambers. Vince Montana kwenye vibrafoni, Larry Washington kwenye konga, Lenny Pakula kwenye ogani. Fidla na tarumbeta zilikuwa chini ya Don Renaldo. Ukisikia wimbo wa Philadelphia wa miaka ile na ukajiambia "hawa nawajua", huenda unayemjua si mwimbaji, ni Baker.

Gamble na Huff waliona kwamba wakimwondoa mwimbaji, kilichobaki kinasimama chenyewe. Ndiyo asili ya albamu za MFSB.

Sasa kile kisa. Don Cornelius, aliyekuwa akiendesha kipindi cha televisheni cha Soul Train kilichoanzia Chicago mwaka 1970, alitaka wimbo mpya wa kufungulia kipindi. Gamble na Huff wakamtengenezea. Ulipofika wakati wa kuutoa kama santuri, Cornelius akakataza jina la kipindi chake lisitumike. Wakauita TSOP, kwa maana ya sauti ya Philadelphia. Aprili 1974 ukakaa kileleni mwa chati kuu ya Billboard kwa wiki mbili, na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Grammy katika muziki wa ala. Cornelius alikuja kukiri baadaye kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kijinga. Na mwenye duka wetu wa Mombasa, asiyejua lolote kuhusu ubishi wa Wamarekani, aliupa wimbo kwa kalamu yake jina lile lile ambalo Cornelius aliunyima.

TSOP haukuwa wa kwanza wa namna yake kufika juu. Februari mwaka huo huo Love Unlimited Orchestra ya Barry White, kule Los Angeles, ilikuwa imetangulia na Love's Theme, nao hauna mwimbaji. Msimu mmoja, nyimbo mbili za ala kileleni, zote mbili za kuchezea dansi. Neno disko lilikuwa bado halijawa biashara ya kila mtu.

Mimi nilikuwa mpiga ngoma. Nilipata kazi katika bendi ya hoteli moja pwani ya kaskazini, katika miaka ambayo ndege za kukodi zilikuwa zikiwashusha Wajerumani kwa mafungu. Ratiba yetu ilikuwa ya kudumu. Wakati wa chakula tunapiga polepole watu wasikie vijiko vyao. Baada ya chakula, rumba na chakacha kidogo ili mgeni aone amefika Afrika. Saa nne usiku, disko, maana mgeni huyo huyo anataka pia kujisikia nyumbani. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo aliyewahi kupiga gita Nairobi, tukimwita Mwalimu. Usiku wangu wa kwanza wa disko alinisogelea nikiwa nimelowa jasho, akainama, akaniuliza kwa upole:

"Kijana, unapiga ngoma au una ugomvi nayo?"

Ugomvi ulikuwepo. Sisi tulikulia mikononi mwa Wakongo. Mapigo tuliyokuwa tukiyajua ni kavacha, yale yaliyoenezwa na Zaïko Langa Langa kutoka Kinshasa na kuletwa Nairobi na vikosi kama Les Mangelepa na Super Mazembe. Katika kavacha mkono ndio unaofanya kazi. Sneya haipumziki, inakimbia mbio zile zile tangu sebene linapofunguka mpaka wachezaji wachoke. Ukimpa mtu wa kavacha wimbo wa disko, ataujaza. Ataweka mapambo kila kona, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, na mcheza dansi wa Hamburg anabaki ameinua mguu hajui aushushe wapi.

Mwalimu hakunifundisha. Alinionyesha redio kaseti ya chumba cha bendi, akaniambia nilete kitu nisikilize. Nikaleta ile kaseti ya "Soul Train".

Sikiliza Earl Young anavyofanya. Mguu wa kulia unapiga ngoma kubwa kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, bila kuruka. Sneya inaingia kwenye mbili na nne, kama katika soul yoyote. Siri iko mguu wa kushoto, kwenye haihati, yale matoazi mawili yaliyokabiliana juu ya fimbo. Kila katikati ya pigo na pigo kisigino kinashuka kidogo, matoazi yanaachana unene wa kucha, kijiti kinayagusa, yanatoa "tsii". Pigo likifika, mguu unayabana, kimya. Wimbo mzima. Huo mwanya mdogo ndio unaomwinua mtu kwenye kiti. Young alikuwa ameufanya mwaka huo huo wa 1973 katika The Love I Lost wa Harold Melvin na The Blue Notes. Ule ulianza kama wimbo wa taratibu wa majonzi, ukawa haukai, wakauongeza mwendo, naye akaingia na ile haihati. Wengi wanaoandika historia ya disko wanaanza kuhesabu kutoka hapo.

Kuueleza ni rahisi. Kuufanya kwa saa nzima, na springi ya haihati ya hoteli iliyoliwa na chumvi ya bahari, ni habari nyingine. Toazi la juu lilikuwa likikwama, unalibana halifungi, unaliachia halirudi. Nilikuwa nikilitia mafuta ya cherehani kila jioni kabla ya wageni kuja. Kifundo cha mguu kiliniuma mpaka nikawa nachechemea kwenda kupanda matatu. Lakini ilipoanza kukaa, niliona kitu ambacho kavacha haikupata kunionyesha: ukumbi ulikuwa haunitazami tena. Kabla ya hapo wageni walikuwa wakigeuka kumwangalia mpiga ngoma anayefanya vituko. Sasa walikuwa wakitazamana wao kwa wao, wanacheza.

Nilidhani kwa muda kwamba hilo ni hasara. Kijana wa miaka ishirini na kitu anataka atazamwe. Mwalimu alipoona nimenuna akaniambia nirudie kaseti, safari hii nisimsikilize mpiga ngoma, nihesabu ni mara ngapi anapiga mapambo. Hesabu yenyewe ni fupi mno. Katika wimbo wenye jina la albamu, ule wa dakika sita na ushei, Young anaweka mapigo yake na kuyaacha hapo. Fidla zinapanda na kushuka. Tarumbeta zinajibu. Saksafoni inaingia, inalia, inachukua nafasi yote inayoitaka. Chini, Baker anazunguka na besi, na hata yeye anazunguka pale tu ambapo wengine wamevuta pumzi. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Watu zaidi ya thelathini, na bado kila ala unaweza kuinyooshea kidole. Bendi yetu ya watu saba ilikuwa ikitoa fujo kubwa kuliko ile.

Tangu hapo nikimsikiliza mpiga ngoma kijana siangalii anajua nini. Naangalia anachokijua na akakiacha.

Palikuwa na mzee mtaani kwetu aliyepiga fidla Unguja katika ujana wake, kabla ya mapinduzi ya 1964, halafu akahamia Mombasa kwa jamaa zake. Fidla alikuwa ameshaiweka, vidole vimekakamaa. Jioni moja nikaenda naye kibarazani na redio kaseti, nikamwamkia, nikamwomba anisikilizie kitu. Mzee wa taarab unapomletea muziki wa vijana unategemea akuvumilie kwa dakika mbili kisha aulize habari za mama yako. Huyu alinyoosha mkono akaizima redio pale ulipoanza My One and Only Love, ule wa taratibu, akaniambia niurudishe nyuma.

"Hawa wa fidla wanasoma karatasi," akasema. "Na yule wa ngoma hasomi. Wamekutanaje?"

Hilo ndilo swali hasa la MFSB, na mzee alilifikia bila kuambiwa lolote. Wapiga fidla wa Don Renaldo walikuwa watu waliosomea muziki wa kizungu, wanakaa, wanafungua karatasi za mpangaji Bobby Martin, wanapiga kilichoandikwa. Young, Baker na Harris walitoka mitaani na kwenye kumbi za soul. Wakipewa mfuatano wa kodi za gita, mengine wanayatafuta wenyewe humo studio. Ulaya na Afrika zilikutana kwenye maikrofoni za Tarsia, na ugomvi haukusikika. Mzee alisikiliza kaseti yote. Kwenye TSOP akatabasamu, akagonga goti. Mwisho akatoa hukumu yake: "Bashraf hii, imevaa suti tu."

Sikuwa nimewahi kuifikiria hivyo. Bashraf nayo ni kazi ya watu wanaosikilizana bila kumsubiri mwimbaji awape sababu. Baada ya jioni ile nilianza kufika mapema kwenye taarab.

Kuna jambo jingine ambalo kaseti haikuweza kunionyesha, nililijua miaka mingi baadaye, nilipokuwa na uwezo wa kutafuta majina. Wale mabwana walikuwa wanalipwa kwa kikao. Huo ulikuwa utaratibu wa chama cha wanamuziki wa Marekani: kikao cha saa tatu, malipo yake yanajulikana, unasaini, unakwenda nyumbani. Waliosajiliwa kuwa watunzi wa TSOP ni Gamble na Huff. Kwa hiyo kila ulipopigwa redioni, kila kipindi kilipofunguliwa nao, haki za utunzi zilikwenda kwa hao wawili. Mguu wa kushoto wa Earl Young hauna hakimiliki. Huwezi kusajili "tsii".

Sisemi Gamble na Huff waliiba. Waliandika, walilipia studio, walibeba hatari ya kukosa soko, na ndivyo mikataba ilivyokuwa mji mzima. Lakini wapigaji waliona nyumba inajengwa na wao wako kwenye kibarua. Katikati ya miaka ya sabini ugomvi wa fedha ukaanza kuwatawanya. Vince Montana ndiye aliyetangulia, akaingia ubia na ndugu wa ukoo wa Cayre huko New York, wakaunda Salsoul Orchestra, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1975. Baker, Harris na Young nao wakavuka. Ukisikiliza Salsoul Hustle baada ya TSOP utadhani ni kundi moja limebadilisha shati, na kwa sehemu kubwa ndivyo. Mwaka 1976 kampuni ya akina Cayre, Salsoul, ikatoa Ten Percent wa Double Exposure, uliorefushwa na DJ Walter Gibbons, kwenye sahani ya inchi 12. Hiyo ndiyo iliyokuja kuhesabiwa kuwa santuri ya kwanza ya ukubwa huo kuuzwa madukani kwa wimbo mmoja wa dansi. Norman Harris na wenzake walikuwa ndani yake, safari hii kama watayarishaji. Walikuwa wamejifunza upande gani wa kioo cha studio una fedha.

Kisa chao nilikielewa haraka kwa sababu changu kilikuwa kidogo lakini cha ukoo huo huo. Baada ya hoteli nilikwenda Nairobi, nikawa miongoni mwa vijana wanaoitwa kurekodi katika studio za River Road. Mtayarishaji mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, alituweka ndani kutwa nzima, tukampigia nyimbo za mwimbaji wake mpya, akatulipa mkononi jioni na tukashukuru. Wimbo mmoja ulishika. Niliusikia kwenye matatu kutoka Likoni nilipokuja nyumbani sikukuu, sauti imefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka, na zile haihati ni zangu. Nikamuuliza utingo ni akina nani hao. Akanitajia mwimbaji. Nikamuuliza, na ngoma?

"Ngoma gani, bosi? Nauli, shuka hapa."

Senti nyingine ya wimbo ule sikuiona, na karatasi niliyosaini, kama niliisaini, siijui iliko. Tangu nilipoanza kukodi studio mwenyewe nilikuwa na desturi moja ambayo wenzangu waliiona ya kikoloni. Kabla maikrofoni haijafunguliwa tunaandika kwenye daftari: wimbo, tarehe, studio, kila aliyepiga na alichopiga, na nani anahesabiwa kuwa amechangia utunzi na kwa sehemu gani. Kila mtu anatia saini. Inachukua muda wa kunywa chai. Wapo walionicheka, wakaja baadaye kuniomba nakala ya ukurasa wao.

Turudi kwa albamu, maana haikuzeeka kama ilivyotarajiwa. TSOP ndio ulioleta fedha, lakini uliobaki ni ule wenye jina la albamu. Mwaka 1977 fundi wa kuchanganya muziki Tom Moulton aliuchukua akaurefusha mpaka zaidi ya dakika 11, kwenye albamu iliyoitwa Philadelphia Classics. Katika sehemu aliyoiongeza, fidla na tarumbeta zinakaa pembeni, unabaki na ngoma, besi na kinanda cha umeme kinachojisemea. Huko New York, kwenye kumbi za dansi za Loft ya David Mancuso na baadaye Paradise Garage kwa DJ Larry Levan, wimbo huo ulikuwa kama wa taifa. Vijana weusi na Walatino waliofukuzwa makwao waliucheza mpaka kukucha, na kwenye mashindano yao ya mitindo na maringo ndio waliokuwa wakipita nao ukumbini. Kwa maoni yangu toleo la Moulton linamzidi mama yake. Wapo watakaonirushia viatu kwa kusema hivyo.

Halafu ikaja chuki. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, mtangazaji mmoja wa redio alilipua santuri za disko mbele ya umati, watu wakavamia uwanja, mchezo wa pili wa siku hiyo haukuchezwa. Waliokuwepo langoni walisimulia kwamba katika rundo lile zilikuwemo santuri nyingi za watu weusi ambazo hazikuwa disko hata kidogo. Tusiwacheke. Dar es Salaam mwishoni mwa 1969 mkuu wa mkoa alipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja ya kulinda utamaduni na adabu za vijana. Sababu zilikuwa mbali na za Chicago, na wakati ule soul maana yake James Brown, si fidla za Philadelphia. Hata hivyo katika pande zote mbili aliyeshitakiwa alikuwa mdundo, na vijana wakaendelea kuusikiliza wakiwa wamefunga milango.

Jambo linalonichekesha ni kwamba miaka mitano kabla ya chuki ile ya Chicago, mwaka 1974, David Bowie, Mwingereza aliyekuwa na kila mwimbaji anachoweza kutamani, alifunga safari mpaka Sigma Sound akiwataka hawa hawa watu wa MFSB wampigie. Wengi wao hawakupatikana. Katika wapigaji wa kudumu wa studio ile alimpata Larry Washington na konga zake, akarekodi sehemu kubwa ya Young Americans na watu aliokuja nao. Hapo utaona thamani ya wapigaji ambao majina yao hayakuwa yakijulikana na wanunuzi: nyota anasafiri kuwafuata, na wao wana kazi nyingine.

Norman Harris alifariki mwaka 1987, Ronnie Baker mwaka 1990, hakuna kati yao aliyefikisha miaka hamsini. Vince Montana alikwenda 2013, Joe Tarsia 2022, Bobby Eli 2023. Kwa bahati Wamarekani wana tabia ya kuandika. Wapo waliowafuata wazee hao na vinasa sauti, wakawauliza ni nani alipiga nini siku gani, ndiyo maana mimi wa Mombasa leo naweza kukutajia mpiga konga wa studio ya Philadelphia.

Wa kwetu siwezi kukutajia. Zilipendwa zikipigwa redioni tunaambiwa bendi na mwimbaji, mtangazaji akiwa mwema anaongeza mtunzi. Wapigaji waliorekodi kwa kikao River Road, na wale waliojazana mbele ya maikrofoni za Radio Tanzania miaka ya sabini, wamebaki sauti. Wengine wako hai, ni babu zenu, wamekaa vibarazani wanasubiri adhana. Kama una mmoja katika ukoo wako, chukua simu, mketi mbele ya wimbo aliopiga, umuulize: hii ilikuwa mwaka gani, studio ipi, nani alikaa kulia kwako, mlilipwa ngapi. Andika majina kamili, si ya utani tu. Anza na wapiga besi na wapiga ngoma, kwa sababu waimbaji wameshaulizwa.